Mama aliuliza sahani ina nini, akajibiwa kwa Kiingereza

Mhariri,

Gazeti la Kiswahili nimelisoma tangu nikiwa mwosha sufuria, enzi lilipokuwa likitufikia Malindi alasiri na kupokezanwa jikoni mpaka kurasa zikalowa mafuta. Barua sijawahi kuandika. Leo naandika kwa sababu ya kipande kimoja cha piza nilichokitoa mkononi mwa mama yangu mzazi, mezani, mbele ya wajukuu zake, katika mkahawa wa Kiitaliano huko Westlands, Nairobi.

Nijitambulishe kwanza kwa kazi yangu, asije msomaji akadhani ni mzee wa pwani aliyeingia mahali pasipo pake akababaika. Mimi ni mpishi, na nimepika vyakula vya Kiitaliano maisha yangu yote ya kazi. Nilianza mwaka 1985 katika hoteli moja hapa Malindi, nikiosha sufuria. Baadaye nikawa mkata mboga, nikahamishiwa kwenye tanuri la piza, na mwisho nikasimamia jiko zima hadi nilipostaafu mwaka 2018. Miaka 33. Ukinipa donge la unga usiku wa kiza nitakwambia kwa kuligusa kama limeumuka vya kutosha. Kiitaliano nakisema na kukisoma, kama wanavyokisema wengi wa rika langu hapa mjini.

Kwetu Waitaliano si watu wa kusikia redioni. Walikuja miaka ya 1960 wakajenga kituo cha San Marco kule Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na mwaka 1967 wakarusha setilaiti ya kwanza kutoka kwenye jukwaa lao lililosimama baharini. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa kutoka hapo setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu. Mama anaikumbuka siku hiyo. Watalii wakaja, na hoteli zikajengwa. Hoteli zikataka vijana, nasi tulikuwepo.

Lakini katika miaka yote hiyo mama yangu hakuwahi kukaa kwenye meza niliyoipikia. Mzazi wa mpishi wakati ule hakuingia kwa mlango wa mbele. Alichokionja yeye ni mkate niliorudi nao usiku nimeufunga kwa gazeti, na siku nyingine sosi ya nyanya ndani ya kopo la kahawa. Chakula chenyewe, kikitoka motoni, kimepangwa kwenye sahani, yeye amekaa kitini na kitambaa mapajani, hajawahi. Nilistaafu na deni hilo.

Basi binti yangu wa mwisho alipohitimu chuo kikuu Nairobi, wa kwanza nyumbani mwetu kufika huko, nikasema deni nalilipa siku hiyo hiyo. Tulikuwa wanane: Mama, mke wangu, mwanangu wa kwanza na mkewe, watoto wao wawili, huyo mhitimu, na mimi. Tulitoka Malindi kwa matatu alfajiri, kilomita kama 120 hadi Mombasa, tukapanda treni ya SGR pale Miritini. Mama ana miaka 80. Njia nzima alikuwa dirishani, anahesabu tembo wa Tsavo pamoja na vitukuu vyake, na kila walipokosa kumwona mmoja alimwonyesha kwa kidole.

Mkahawa wenyewe ni mzuri na sitautaja. Nia yangu si kumharibia mtu biashara. Meza zimepambwa, tanuri la kuni linaonekana kutoka ulipokaa, na harufu iliyotupokea mlangoni ilinifanya nisimame kidogo. Ilikuwa harufu ya kitunguu saumu kikiingia kwenye mafuta ya zeituni, kabla hakijageuka rangi. Mama alivaa buibui lake la sherehe. Nilimvutia kiti mwenyewe.

Akaja mhudumu, kijana nadhifu, mwenye heshima. Akatugawia menyu, zilizoandikwa Kiitaliano na Kiingereza. Akaanza na Mama, jambo lililonifurahisha, akainama na kumuuliza kwa Kiingereza angependa kunywa nini.

Mama akamjibu, "Maji tu, mwanangu, yasiwe ya baridi."

Kijana akamuuliza tena kwa Kiingereza, maji ya kawaida au yenye gesi?

Mama akanitazama. Nikajibu mimi. Nilidhani labda Kiswahili kinamsumbua kijana, maana Kenya ni pana. Lakini dakika tano baadaye nilimsikia pale kaunta akizungumza na mwenzake, Kiswahili kinateremka kama maji. Kwa hiyo lugha anayo. Amefundishwa tu kwamba ukifika mezani unaiacha kaunta. Aliyemfundisha hivyo ndiye ninayemwandikia.

Mama si mtu wa kula bila kuuliza. Aliona picha ya wali wa manjano akauliza, "Huu wali una zafarani?" Ni kweli, unayo. Ni risoto ya Kimilano, wali unaopikwa polepole kwa mchuzi wa mifupa na zafarani ile ile tunayoitia kwenye biriani. Lakini wapishi huanza kwa kumwagia divai nyeupe, na kwa desturi huwekwa na uboho wa ng'ombe. Menyu ilisema "wali na zafarani", basi. Nikamuuliza kijana, kwa Kiswahili, kama wanatia divai. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba ni chakula kitamu sana, kinapendwa. Nikarudia swali. Akasema hafikirii kama ina divai.

Neno hilo, hafikirii, nililisikia mara tatu usiku ule.

Tukauacha wali. Watoto walitaka piza, na Mama akasema atakula watakachokula watoto. Nikaisoma orodha mwenyewe na nikaona imeandikwa "peperoni". Hapa nataka msomaji anisikilize vizuri, kwa sababu ndipo mambo yalipoharibika. Kwa Kiitaliano, peperoni ni pilipili hoho. Ukiagiza piza ya peperoni Napoli utaletewa hoho nyekundu na za manjano zilizochomwa. Wamarekani nao wana neno lao, pepperoni, lenye p moja zaidi katikati, na hilo ni soseji ya nguruwe, mara nyingi imechanganywa na ng'ombe, iliyotiwa pilipili na kukaushwa. Herufi moja tu. Menyu ile iliandikwa kwa p moja, Kiitaliano safi, na mimi niliyeoka maelfu ya piza za hoho nikamwambia mama yangu, "Hii ni ya pilipili hoho, Mama, kula bila wasiwasi." Hata hivyo nikamuuliza kijana ili nihakikishe. Akasema ndiyo, ni pilipili, inawasha kidogo.

Piza ililetwa ikiwa na viduara vyekundu vinavyong'aa mafuta. Nilikuwa nimegeuka namkatia mjukuu nyama yake. Niliporudisha macho, Mama alikuwa ameshakiinua kipande, amesoma Bismillahi, kiko nusu ya njia.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilikishika kile kipande pamoja na vidole vyake.

Kijana akaitwa. Nikamuuliza hii nyama ni ya nini. Akasema anafikiri ni ng'ombe. Mwanangu akaanza kupandisha sauti, watu wa meza ya jirani wakageuka, na mjukuu mdogo akaanza kulia kwa kuona baba yake amekasirika. Mama akasema, taratibu, "Basi, wanangu. Sijala. Msimtie mtoto wa watu matatani." Kisha akamgeukia kijana mwenyewe: "Nenda, baba, kamuulize aliyepika."

Akaenda. Na aliyepika akatoka.

Ni kijana wa Kakamega, kama alivyotuambia baadaye, aproni imejaa unga. Hakusimama kwenye kichwa cha meza kama askari. Alichuchumaa kando ya kiti cha Mama akamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akasema, "Hiyo ni soseji ya nguruwe. Samahani sana. Ulipaswa kuambiwa." Mama akaitikia marahaba, kisha akamuuliza, kama jirani anavyomuuliza jirani, "Sasa mwanangu, mimi hapa nile nini?"

Mhariri, laiti ungekuwepo ukasikia majibu. Kwa dakika tatu kijana yule alimpitisha Mama menyu nzima kwa Kiswahili. Sosi ya nyanya ni nyanya, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na mrihani, haina kingine. Lasanya ina nyama ya ng'ombe tupu, lakini nyama hiyo imepikwa na divai nyekundu, kwa hiyo aiache. Carbonara asiisogelee, ni mayai na jibini na nyama ya shavu la nguruwe. Risoto huwekwa divai mwanzoni, lakini akianza upya anaweza kuiacha, ila wampe dakika 20. Tiramisu yao ina pombe ndani ya kahawa wanayochovyea biskuti. Ile krimu nyeupe inayotetemeka ina jelatini, na hapa alisema maneno niliyoyapenda kuliko yote: "Jelatini hiyo sijui imetoka kwa mnyama gani, Bibi, kwa hiyo usile." Kuhusu piza alisema tanuri ni moja na beleshi la kuingizia piza ni moja, lakini atalisugua, atapangusa sakafu ya tanuri, na atatuokea nyingine upande wa pili, akituhakikishia kwamba haitagusana na ya nguruwe. Kama hilo halituridhishi alisema tusione haya kulikataa.

Hilo ndilo linaloniuma. Majibu yote yalikuwepo pale, hatua kumi kutoka kwenye kiti cha Mama, kwa lugha ya Mama. Yalizuiwa na menyu isiyosema, na kijana aliyeamrishwa kuzungumza lugha ambayo Mama haijui, kuhusu chakula ambacho kijana mwenyewe hajaonjeshwa.

Baada ya hapo tulikula, na tulikula vizuri. Sitaki barua hii isomwe kana kwamba usiku wote ulikuwa msiba. Risoto ilikuja baada ya dakika 25, ya manjano kama jua la Idd, na Mama akasema zafarani ni ya kweli, si rangi. Spageti za sosi ya nyanya zilipofika alizizungusha kwa uma kama nilivyomwonyesha, akatafuna, akatua. "Tambi hizi zimetolewa motoni mapema." Nikamweleza kwamba Waitaliano wanazitaka hivyo, zibaki na ukakamavu kidogo katikati, jino lihisi kitu. Akafikiri. Mama tambi anazijua za aina moja. Huzikaanga kwa samli mpaka ziwe hudhurungi, kisha huongeza maji, sukari, iliki na zabibu kavu, na kuziacha zikauke kwa moto mdogo hadi kila uzi ujitenge, tayari kwa asubuhi ya Idd. Za kutafuna na kitunguu saumu zilikuwa mpya kwake. Alizimaliza.

Lakini kilichomshangaza zaidi ni pesto. Mke wangu aliagiza, na sahani ilipotua tu Mama akainua pua. "Nasikia harufu ya kikuba." Tulicheka wote, kisha tukaona kwamba amesema kweli. Pesto ni mrihani uliopondwa na mafuta na jibini, na mrihani ndio huo wanawake wetu wanaoufunga pamoja na asumini kwenye kikuba cha kuvaa kifuani. Aliyasogezea pua majani yale akakaa kimya kwa muda, nami najua alikuwa anamfikiria baba yangu, sikumuuliza. Genova wanatia mbegu za msonobari. Kwetu Malindi tulizoea kutia korosho, za Kilifi, kwa sababu zilikuwa zinaletwa mpaka mlango wa jikoni. Mkahawa ule pia unatia korosho. Menyu haikusema. Na kuna watoto ambao korosho moja inawafunga koo wakapelekwa hospitali mbio. Nimemwona mmoja kwa macho yangu, mgeni wa hotelini, mwaka wa tano wa kazi yangu, na sijamsahau.

Kwa hiyo jambo hili halihusu Waislamu peke yao. Linamhusu Msabato asiyekula nguruwe, Mhindi asiyegusa nyama, mama mjamzito aliyeambiwa na daktari aache mayai mabichi, ambayo tiramisu huwa nayo, mgonjwa wa kisukari, mtoto wa korosho. Na linamhusu kila mzazi aliyeletwa mezani na mwanawe aliyefanikiwa, akakabidhiwa kitabu asichoweza kukisoma, akaona haya kuuliza, akasema, "Niagizieni chochote." Wasomaji wengi wa gazeti hili mmeshalisikia neno hilo kutoka kwa wazazi wenu. Mimi najua sasa maana yake. Maana yake ni kwamba hakuna aliyemwambia.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa mkahawa wa Kiitaliano ni wa wageni, na wageni wanasema Kiingereza. Usiku ule nilitazama meza zilizotuzunguka. Nyingi zilikuwa za Wakenya kama sisi, kuna kijana aliyemleta mchumba, kuna familia iliyokuwa ikikata keki ya kuzaliwa. Sisi ndio tunaolipa bili. Ya kwetu ilikuwa shilingi 17,400, nami nililipa bila kunung'unika, kwa kuwa chakula kilistahili na deni lilikuwa langu.

Nitaambiwa pia kwamba sheria haimlazimishi mtu kuandika menyu kwa Kiswahili. Mimi si wakili. Lakini Katiba ya mwaka 2010 tuliipigia kura, na nakala yangu ninayo. Kifungu cha 7 kinasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Mama yangu ni mnunuzi. Alikaa kitini, akauliza swali kwa lugha ya taifa. Sioni tafsiri nyingine ya vifungu hivyo viwili vikikutana kwenye meza moja.

Hata Waitaliano wenyewe wasingekubali wafanyiwe hivyo kwao. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika Desemba 2014, inaulazimu kila mkahawa kumwambia mteja kama chakula kina kimojawapo cha vitu 14 vinavyodhuru baadhi ya watu: ngano, maziwa, mayai, karanga, ufuta, samaki na vingine. Wenzangu waliokwenda kufanya kazi huko wameniambia menyu nyingi zina tarakimu ndogo pembeni ya kila jina la chakula, na chini kuna maelezo. Nguruwe na pombe havimo katika orodha hiyo, sisi tungeviongeza. Wazo lenyewe ni lile lile: mtu ajue kabla hajatia kinywani.

Na si lazima mtu aende Ulaya kujifunza. Kesho yake tulikula mchana Eastleigh, kwa Wasomali. Ukitaka kuona Italia nyingine iliyokita mizizi kwetu nenda pale. Waitaliano walitawala kusini mwa Somalia, na baada ya vita wakarudi kuisimamia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa kutoka 1950 hadi 1960, na walipoondoka waliacha tambi. Wasomali wanaziita baasto, wanazila na nyama ya mbuzi au ngamia, na ndizi mbivu pembeni. Mkahawa hauna menyu kabisa. Msichana aliyetuhudumia alimsimamia Mama akamwambia, "Mama, leo kuna baasto na mbuzi, na wali na ngamia. Sosi ina pilipili, nikupunguzie?" Chini ya dakika moja. Mama alikuwa ameshaanza kuzungumza naye habari za mahari kabla chakula hakijafika.

Sasa nataka kusema na wenye mikahawa, kama fundi kwa fundi.

Bosi wangu wa kwanza, Mwitaliano aliyenifundisha kazi, alikuwa na desturi moja ambayo sikuiacha mpaka siku ninavua aproni. Kila jioni saa kumi na mbili, kabla milango haijafunguliwa, aliwapanga wahudumu wote jikoni, kila mmoja na kijiko. Wakaonja kila sahani ya usiku huo. Kisha akamuuliza mmoja mmoja: humu mna nini? Aliyeshindwa kujibu hakuruhusiwa kuibeba sahani hiyo usiku ule, anabeba nyingine. Alikuwa mkali. Lakini wahudumu wetu, vijana wa Malindi, wa Ganze, wa Kaloleni, wengine waliomaliza darasa la nane tu, walikuwa wakisimama mezani wakaeleza chakula kwa Kiitaliano kwa wageni na kwa Kiswahili kwa wenyeji, na hakuna aliyesema "nafikiri". Ilichukua robo saa. Gharama yake ni vijiko.

Kijana wa Westlands hakupewa kijiko. Niliongea naye wakati tunaondoka, kwa Kiswahili, na safari hii alinijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, akiangalia upande wa kaunta. Ana miezi minane pale. Hajawahi kuionja risoto. Chakula cha wafanyakazi ni sukuma na ugali, jambo ambalo halina ubaya, lakini mtu atauzaje asichokijua? Nilimpa mkono na kitu kidogo. Mama alimwombea dua, ndefu kuliko alivyotarajia, na kijana akasimama mpaka mwisho wake.

Na kuhusu menyu, sidai kitabu kizima kitafsiriwe. Jina la Kiitaliano libaki, lina raha yake na watu wanakuja kwa ajili yake. Chini yake uwekwe mstari mmoja wa Kiswahili. Chini ya spageti al pomodoro uandike: tambi kwa sosi ya nyanya na mrihani, haina nyama wala pombe. Chini ya carbonara: tambi kwa mayai, jibini na nyama ya nguruwe. Chini ya risoto: wali wa zafarani, una divai, omba upikiwe bila divai. Chini ya pesto: mrihani, jibini, korosho. Na jibini yenyewe isemwe ikoje, maana Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na kuna watu wasiokula nyama ambao wanakwaruziwa jibini hiyo juu ya sahani kila siku bila kujua. Na kama unauza ile soseji ya Wamarekani, iandike kwa p zake zote, kisha andika nguruwe. Neno nguruwe halimfukuzi mteja. Anayemla atamla. Asiyemla atakushukuru na kuagiza kingine.

Maneno ya Kiswahili yapo, yametosha kupika pilau na biriani na mkate wa sinia tangu mababu, hayatashindwa na tambi.

Mwenye mkahawa yeyote, Nairobi, Mombasa, au hapa kwetu, anayetaka mistari hiyo, anitumie menyu yake kupitia gazeti hili. Nitamwandikia bure. Muda ninao, na macho bado yanaona kwa miwani. Kwa kila chakula nitamuuliza kwanza anachotia ndani, na akinijibu kwamba anafikiri, nitamrudishia akaulize jikoni. Mama amekubali kuwa ananisikiliza ninaposoma. Mstari atakaoniuliza mara mbili maana yake, nitaufuta niuandike upya.

Mpishi mstaafu,
Shela, Malindi